MWALIMU CAREY FRANCIS NA HESABU YA KUTOA

Mwalimu mlezi wa chama alitutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kuaga dunia. Wenzangu wamechagua marais, wapigania uhuru na wanariadha. Mimi nimemchagua mwalimu wa hesabu, tena Mwingereza. Najua wengine mtacheka, maana alama zangu za hesabu zinajulikana darasa zima. Naomba mnivumilie. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ilianzia mferejini.

Huku kwetu Rombo, chini ya Mlima Kilimanjaro, mkulima anayengoja mvua peke yake hulala njaa. Tunalima nyanya, vitunguu na maharagwe kwa maji ya mfereji, na maji ya mfereji yana zamu. Zamu yetu ni ya masaa 12, tangu saa tisa usiku hadi saa tisa alasiri. Tunagawana na mama mmoja mjane ambaye shamba lake liko chini ya letu: sisi tuna robo tatu, yeye ana robo. Ikifika saa tisa alasiri maji yanaondoka kwetu sote, yanaenda kwa wengine.

Mwaka jana wakati wa kiangazi jirani mmoja aliomba tumkopeshe theluthi ya zamu. Mama alikubali, akasema theluthi hiyo itoke katika robo tatu yetu. Jirani akafungua maji kwake saa tisa usiku, akatuachia saa moja asubuhi. Mama akaenda sokoni na kuniachia mimi kazi ya kunyunyizia na kujua wakati wa kumfungulia yule mama mjane. Basi nikachukua kijiti nikaandika mchangani: robo tatu toa theluthi. Juu nikaona tatu toa moja ni mbili. Chini nikaiacha nne yangu palepale. Mbili juu ya nne ni nusu, na nusu ya masaa 12 ni masaa sita. Nikanyunyizia tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, nikafunga, nikaenda zangu kula nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri.

Kumbe nilikuwa nimeiba. Hesabu ya kweli ilitaka nifunge saa sita. Mama mjane alikuwa na haki ya masaa matatu, akapata mawili. Miche yake ya vitunguu katika mistari ya mwisho haikufikiwa na maji, na jua la wiki ile likaimaliza. Hakuja kwetu kupiga kelele. Alikuja jioni, akauliza kwa upole ni nani aliyepiga hesabu. Wasomaji wenzangu, ni afadhali angenichapa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Babu alisikia yote akiwa ameketi nje. Hakunigombeza. Aliingia chumbani kwake akatoka na kitabu cha zamani kisicho na jalada, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, akaniambia nianze na kurasa za sehemu. Alikisoma kitabu hicho mwenyewe alipokuwa mtoto wa shule ya msingi kabla ya uhuru. Kilikuwa kimoja katika mfululizo wa vitabu vilivyoitwa Highway Arithmetics, na mwandishi wake alikuwa E. Carey Francis. Babu alisema zamani watoto wengi wa Kenya walijua jina hilo kabla ya kumjua gavana. Mimi sikuwa nimelisikia hata siku moja. Ndipo nikaanza kuuliza walimu na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Edward Carey Francis alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897 mtaa wa Hampstead, London. Alisoma katika shule ya William Ellis mjini humo, akasifika kwa masomo na kwa michezo pia. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alikuwa bado kijana. Alijiunga na jeshi akapigana huko Ufaransa, mahali ambapo vijana wa umri wake waliangamia kwa maelfu. Yeye alirudi mzima. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika chuo cha Trinity, kusomea hesabu, akafaulu kwa daraja la kwanza. Baadaye chuo kingine cha hapo hapo Cambridge, kiitwacho Peterhouse, kilimchukua awe mhadhiri wake wa hesabu.

Hapo msomaji unaweza kudhani maisha yamekwisha kukamilika. Mtu ana kazi ya heshima, ana chumba chenye vitabu, ana wanafunzi walio werevu kuliko wote nchini kwao. Mwaka 1928 alitoa kitabu cha mazoezi pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Uingereza wa karne ile. Kitabu kilihusu kujumlisha namba zisizokuwa na mwisho. Nilipomwuliza mwalimu wetu maana yake alinipa mfano mdogo. Chukua nusu ya mkate, ongeza robo, ongeza thumuni, kisha nusu ya thumuni, na uendelee hivyo bila kukoma. Hata ukiongeza mpaka uzeeke hutapata zaidi ya mkate mmoja. Utaukaribia tu, kila mara ukiukaribia zaidi. Hizo ndizo hesabu alizozichezea Carey Francis.

Mwaka huo huo wa 1928 aliacha kazi Cambridge. Alijiunga na chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, akasafiri hadi Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, karibu na mstari wa ikweta. Maseno ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka 1906, na wakati ule haikuwa bado shule kamili ya sekondari. Hebu fikirieni jambo hilo. Mtu aliyekuwa akifundisha hesabu ambazo hata maprofesa huzikunia kichwa, sasa anasimama mbele ya wavulana ambao wengine wao walianza shule wakiwa wakubwa, akiwafundisha kugawa, kuzidisha na kutoa.

Nami nikajiuliza, alipataje subira? Mimi mwenyewe nikimfundisha mdogo wangu jambo ninalolijua nakasirika baada ya dakika tano. Carey Francis alikaa Maseno miaka 12. Alikuwa mtu wa kazi na wa saa. Wanafunzi wake walimkumbuka akivaa kaptura za kaki, akiwa nao katika mazoezi ya viungo na uwanjani kwenye mpira. Hakuoa wala hakuwa na watoto. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Mmoja wa wavulana waliosoma Maseno wakati wake ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alirudi hapo kuwa mwalimu na mwaka 1964 akawa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya.

Tena aliandika vile vitabu. Nadhani hapa ndipo ukubwa wake ulipo, ingawa watu wengi humsifu kwa ajili ya shule alizoziongoza. Wanafunzi waliomwona ana kwa ana ni wachache ukilinganisha na watoto wa Afrika ya Mashariki waliojifunza hesabu kwa vitabu vyake bila kumwona hata siku moja. Babu yangu ni mmoja wao. Enzi hizo, kabla ya kilo na lita, watu walipima kwa ratili, galoni na futi. Ratili ina aunsi 16, galoni ina painti 8, futi ina inchi 12. Mtu asiyejua sehemu hakuweza kununua hata kitambaa bila kupunjwa. Kwa hiyo hesabu ya sehemu haikuwa ya mtihani tu. Ilikuwa ngao ya maskini dukani.

Sasa naomba niwaeleze nilichojifunza kwenye kile kitabu kisicho na jalada, nikisaidiwa na babu, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nampenda mwandishi huyu.

Katika sehemu, au akisami kama wengine wanavyoziita, namba ya chini huitwa asili na ya juu huitwa kiasi. Asili inasema kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Kiasi kinasema umechukua vipande vingapi. Basi robo tatu ni vipande vitatu vya kitu kilichokatwa mara nne, na theluthi ni kipande kimoja cha kitu kilichokatwa mara tatu. Kosa langu lilikuwa kutoa kipande cha theluthi kutoka katika vipande vya robo kana kwamba vinalingana. Havilingani. Theluthi ni kubwa kuliko robo. Ni kama kutoa mbuzi kwenye hesabu ya kondoo.

Dawa yake ni kuvikata vyote upya mpaka vilingane. Tunatafuta namba ambayo nne inaingia na tatu pia inaingia, iliyo ndogo kuliko zote za namna hiyo. Kwa Kiswahili huitwa kigawe kidogo cha shirika, nayo hapa ni 12. Robo tatu inakuwa 9/12. Theluthi inakuwa 4/12. Sasa vipande ni vya aina moja, na hapo ndipo tunaruhusiwa kutoa: 9 toa 4 ni 5. Jibu ni 5/12. Zamu yetu ilikuwa ya masaa 12, kwa hiyo kila kipande kilikuwa saa moja. Masaa matano, tangu saa moja asubuhi hadi saa sita. Jibu lilikuwa mkononi mwangu siku ile, kwenye saa niliyovaa, nami sikuliona.

Kuna na hili la kukopa, ambalo huwasumbua wengi. Tuseme una debe tatu na robo za maharagwe, unauza debe moja na theluthi mbili. Ukizikata upya, unakuwa na 3 na 3/12, unatoa 1 na 8/12. Lakini 3 haitoshi kutoa 8. Usikate tamaa, na wala usigeuze utoe 3 kwenye 8 kama nilivyokuwa nikifanya. Fungua debe moja zima. Debe zima ni 12/12, liongeze kwenye 3/12 upate 15/12, nawe umebaki na debe mbili nzima. Sasa 15 toa 8 ni 7, na 2 toa 1 ni 1. Umebaki na debe 1 na 7/12. Halafu hakikisha: ulikuwa na debe tatu na kitu, umeuza karibu mbili, basi ni lazima ubaki na moja na kitu. Jibu likikataa akili, rudia.

Tena sisi wanachama wa Kiswahili tuna jambo la kujivunia. Lugha yetu ina majina yake ya sehemu, tuliyoyapata zamani kutoka Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Tunajua robo ya unga, na wazee wetu waliita senti hamsini thumuni. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sehemu ni hesabu za kigeni. Hata Waafrika wenzetu wa Misri walikuwa wakizipiga zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na mafunjo yaliyoandikwa na karani wao Ahmes yapo mpaka leo.

Turudi kwa Carey Francis. Mwaka 1940 alihamishwa kwenda Alliance High School, Kikuyu, kuchukua mahali pa G. A. Grieves aliyekuwa mwalimu mkuu tangu shule ilipofunguliwa mwaka 1926. Siku hizo shule ambapo Mwafrika wa Kenya angeweza kumaliza masomo ya sekondari zilihesabika kwa vidole. Carey Francis aliiongoza Alliance miaka 22. Wanafunzi wake walifanya mtihani ule ule wa Cambridge ambao watoto wa Kizungu walifanya, wakafaulu vizuri sana, na wengi wao wakawa mawaziri, madaktari, walimu na makatibu wa wizara nchi ilipopata uhuru.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, na aliongoza shule wakati wa ukoloni akiwa na mawazo mengi ya wamishonari wa wakati wake. Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, yeye aliwapinga Mau Mau waziwazi. Wanafunzi wengine wa Alliance walikuwa na ndugu msituni. Mmoja wao alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia shule hiyo mwaka 1955. Kaka yake alikuwa na wapiganaji, na Ngũgĩ aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Fikiria kijana huyo akiketi kusikiliza mwalimu mkuu Mwingereza. Hata hivyo Carey Francis huyo huyo aliilalamikia serikali juu ya ukatili wa askari wake kwa watu wasio na hatia, jambo ambalo Wazungu wengi walilinyamazia. Ngũgĩ, ambaye alikufa mwaka 2025, aliandika kitabu kizima juu ya miaka yake ya Alliance, na mwalimu huyo yumo ndani.

Mimi naona mtu kama huyu hatuwezi kumpima kwa haraka. Ukitoa makosa yake kwenye mema yake bila kuvikata vipande viwe sawa, utapata jibu la uongo, kama langu la mferejini. Lazima uangalie alikotoka, wakati aliokuwamo, na alichowaachia watu.

Jambo la mwisho katika maisha yake ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1962 alistaafu Alliance. Angeweza kurudi Uingereza akapumzike. Hakurudi. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, Nairobi, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo. Na hakwenda kama mwalimu mkuu. Alikwenda kama mwalimu wa kawaida, chini ya mwalimu mkuu mwingine, akashika chaki kama alivyoishika Maseno mwaka 1928. Mawaziri wa serikali mpya walikuwa wanafunzi wake wa zamani, naye yuko darasani Pumwani. Alifundisha huko mpaka alipoaga dunia tarehe 27 Julai 1966.

Wahenga walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kwenye harambee, lakini sikuwahi kulifikiria na kitabu cha hesabu mkononi. Katika Kiswahili neno ni lile lile. Kutoa ni kupunguza, na kutoa ni kumpa mtu. Carey Francis alitoa Cambridge katika maisha yake, kisha akatoa ukubwa wa Alliance. Ukipiga hesabu ya haraka utasema alibaki na kidogo. Lakini huku Rombo, zaidi ya miaka 50 tangu afe, mzee mmoja bado ana kitabu chake sandukuni, na mjukuu wake amejifunza kutokana nacho asimwibie mjane maji.

Msije mkadhani yule mama tulimwacha hivyo hivyo. Zamu iliyofuata tulimrudishia saa lake moja kutoka kwetu. Tukamwongezea na jingine kwa ajili ya miche iliyokufa, ingawa miche haifufuki kwa maji ya wiki ijayo. Hesabu niliiandika mwenyewe, kwenye karatasi badala ya mchangani. Robo tatu ni 9/12, tukatoa 2/12, tukabaki na 7/12. Nilimpelekea aitazame kabla ya kufungua maji. Alisema hajui kusoma hizo namba, basi nikamwelezea kwa vipande vya muwa, nikivikata mpaka vikalingana, mpaka akaridhika.

Ninyi mnaodharau hesabu kwa sababu mnapenda Kiswahili, kama nilivyokuwa mimi, acheni. Hesabu za alama huniangusha hata sasa, lakini za sehemu hazinitishi tena. Haraka haraka haina baraka: kateni vipande vilingane kwanza, ndipo mtoe.